Siku Mama Alipotaka Kunikabidhi

Mama alitoka ndani akiwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani na viatu vya Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nikamwambia akavue.

Sikumwambia kwa ukali. Nilisema tu, "Mama, vaa zile za bandani." Akaniangalia, akaiangalia simu niliyokuwa nimeiegemeza kwenye ndoo iliyofunikwa, akauliza, "Si ndiyo saa anayopiga huyo mzungu?" Nikamjibu ndiyo, na anataka kuona kazi, haji kuona nguo. Akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na koti lake la mvua lililochanika mfuko, kanga iliyofifia mpaka maandishi hayasomeki, na mabuti. Nilimtazama kuanzia juu mpaka chini, nikaridhika.

Kila nikijaribu kueleza jambo hili naanzia hapo. Mengine yote niliyofanya siku ile naweza kuyatafutia sababu. Kule kuridhika siwezi.

Shule niliacha kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza, na nyumbani hawakushindwa kunisomesha. Kulikuwa na lori la viazi lililokuwa likipita kila wiki, mimi nikawa najiuliza linashushia wapi, na siku moja nikapanda kwenda kuona. Nilirudi baada ya miezi minne, nikakuta wenzangu wamesonga mbele, na mimi nikaona aibu kukaa na wadogo. Tangu hapo nimechuma chai, nimepakia makaa ya mawe Kiwira, nimenyoa watu Mpuguso, nimetengeneza simu Tukuyu mjini, nimechambua parachichi za kusafirishwa nje. Nimevuka hata mpaka kwenda Malawi na kukaa huko nikiuza vipuri vya baiskeli. Kila kazi niliipenda mpaka siku niliyoielewa. Nikishajua kitu kinavyokwenda, miguu inaniwasha.

Ndivyo nilivyojikuta nina miaka thelathini na mmoja, niko nyumbani Masoko kwa mama, sina mke wala kazi, nina simu yenye kioo kilichopasuka na hamu ya kujua kila kitu. Baba alishafariki. Mama alikuwa na migomba yake, kahawa kidogo, na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyekuwa naye kwa miaka sita. Chumba cha uani alikuwa amempangisha mwalimu wa sekondari, dada mmoja wa rika langu, mwenyeji wa Ukerewe, aliyepangiwa kazi huku na kushangaa mvua yetu kila siku kama ndiyo kwanza imeanza.

Kwenye simu ndiko nilikoiona Ayalandi. Kulikuwa na video ya shamba la ng'ombe, ng'ombe zaidi ya mia moja, wanaingia wenyewe kwenye chumba cha mashine mmoja baada ya mwingine kama watu kwenye foleni ya kupiga kura. Mtu mmoja tu anawahudumia. Niliitazama video ile siku nzima. Kesho yake nikatafuta nyingine. Nilitaka kujua kwa nini ng'ombe hawagombani, maji ya kuoshea mashine yanakwenda wapi, huyo mtu mmoja akiugua inakuwaje. Nikanunua daftari, nikaanza kupanga kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ukurasa wa kwanza niliandika nchi. Wa pili kazi zilizopo. Wa tatu nikaandika vinavyotakiwa, nao ukaendelea mpaka wa tano. Ukurasa wa vile nilivyonavyo ulikuwa na mistari miwili: nina pasipoti, na mama ana ng'ombe.

Nikaenda Tukuyu kwenye duka moja la steshenari kutengenezewa sivii. Yule kijana wa kompyuta alikuwa na haraka na alikuwa mcheshi.

"Kazi unayoomba?"

"Kuhudumia ng'ombe wa maziwa."

"Una uzoefu wa miaka mingapi?"

"Nyumbani kuna ng'ombe."

"Sijauliza kama kuna ng'ombe. Umekamua?"

"Mara mbili tatu."

"Basi miaka mitatu," akasema, akaandika. "Nani anakata majani?"

"Mama."

"Nani anasafisha banda?"

"Mama."

"Nani anapeleka maziwa kituoni?"

"Mama."

"Kaka, kumbe wewe ni bosi." Akageuza kioo cha kompyuta nione. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba mimi ni msimamizi wa shamba la maziwa, na kwamba ninaongoza mfanyakazi mmoja wa kudumu. Tulicheka sote wawili. Mtu aliyekuwa akisubiri kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa naye akacheka. Nikakunja zile karatasi mbili nikaziweka ndani ya shati zisilowe, na njiani nikawa nimeshaanza kuziamini.

Nilituma maombi mengi. Wengi hawakujibu, wachache walitaka nitume pesa kwanza, hao nikawaacha. Mmoja akajibu mwenyewe, mwenye shamba, na hakuomba chochote. Nilimchunguza kadiri nilivyoweza. Nilitafuta shamba lake kwenye ramani ya picha za angani, nikaona mapaa yake marefu, bwawa, na barabara nyembamba inayofika mlangoni. Nilikuwa nikiyatazama yale mapaa kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Akaandika kwamba angependa kuzungumza nami kwa video saa ya kukamua, ili anione nikiwa na ng'ombe wangu.

Ng'ombe wangu. Nikaenda kumwambia mama anifundishe.

Alinifundisha kwa wiki tatu, asubuhi na jioni. Kuosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kukausha, kukamua michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi na kuitazama kama ina mabonge, kupaka mafuta. Hayo niliyashika upesi. Lakini maziwa hayakutoka. Ng'ombe yule alimjua mama. Mama huimba wimbo wa kanisani mdomo ukiwa umefumba, sauti inatokea puani, na ng'ombe akiusikia anainamisha shingo na kuachia. Mimi niliimba wimbo uleule akanipiga teke la paja. Siku zote mama alisubiri nimalize kuaibika, kisha anakaa yeye, na ndoo inaanza kulia.

"Anajua unaondoka," alisema siku moja. "Ng'ombe hapendi mtu mwenye safari."

Tukakubaliana kwamba siku ya usaili yeye ataanza, ng'ombe akishaachia mimi nitakaa. Alikubali bila swali. Alikuwa amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona tangu msiba wa baba. Kanisani alikuwa ameshasema kwamba mwanawe anakwenda Ulaya, ili waanze kuniombea, na akina mama wakaanza kuleta karanga za njiani.

Kuna jambo moja lazima nilieleze hapa. Kwetu mtoto haachwi aende kwa mtu hivihivi. Ukienda kujifunza ufundi, au kuanza kazi nyumbani kwa mtu, au hata kukaa kwa baba mdogo ili usome, mzazi anakusindikiza. Anakaa na mwenyeji wako na anakukabidhi. Anasema huyu ni mwanangu, anataja mazuri yako machache na mabaya yako yote, ili mwenyeji asije akasema hakuambiwa. Mwenyeji akijibu kwamba amekupokea, basi. Kuanzia hapo ukiugua yeye ndiye anahangaika, ukikosea yeye ndiye anakuchapa au anatuma ujumbe nyumbani. Mama alishanikabidhi kwa kinyozi wa Mpuguso na kwa fundi simu wa Tukuyu, kila mara akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, na kila mara alisema maneno yaleyale: huyu anachoka upesi, lakini si mwizi. Nilikuwa nimesimama pembeni nikiangalia chini. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba angetaka kunikabidhi kwa mzungu, kupitia simu iliyoegemezwa kwenye ndoo.

Sasa narudi kwenye Jumatano ile. Mzungu alipiga saa kumi jioni kamili. Alikuwa mtu mzima mwenye mashavu mekundu na kofia ya sufu, na nyuma yake mvua ilikuwa ikinyesha kama yetu. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, kwenye filamu na kwenye maelekezo ya simu, lakini yeye alizungumza taratibu nikamwelewa. Akauliza habari, akataka kuona banda, nikamzungushia simu. Mama alikuwa ameshaanza kukamua. Nikairudisha simu kwenye ndoo.

Akauliza yule mama ni nani.

Nikasema ni mfanyakazi wangu.

Haikuniuma wakati ule. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye sivii, nikajibu kama mtu anayejibu swali la mtihani alilokariri. Mzungu akasogeza uso karibu na kioo, akatazama. Akasema ana mikono mizuri sana, ona anavyoupima mchirizi wa kwanza, ona anavyofuta. Akauliza kama mimi ndiye niliyemfundisha.

Nikasema ndiyo, nilimfundisha mimi.

Akauliza jina lake.

Mimi jina la mama sijawahi kulitamka. Kwetu humwiti mzazi kwa jina, wala hulitaji mbele yake; nikiwa mdogo, shuleni walipolitaka niliandika kwenye karatasi nikampa mwalimu. Hata kama ningekuwa nasema kweli siku ile ningesita. Lakini sikuwa nasema kweli, na mwenye ng'ombe lazima ajue jina la mtu wake. Nikataja jina la kwanza lililonijia, la mama mmoja anayeuza wali maharage stendi ya Kiwira.

Mikono ya mama ikasimama. Kiingereza hajui, lakini jina ni jina. Aliniona nikimnyooshea kidole na kunisikia nikitaja mwanamke mwingine.

Mzungu akamsalimia kwa sauti kubwa, akimwita kwa jina hilo. Nikamfanyia mama ishara apunge mkono. Yeye akaelewa kwamba zamu yake imefika. Akafuta mikono kwenye kanga, akainuka, akarudisha kofia ya koti nyuma ili uso uonekane, akaja mbele ya simu karibu kabisa, na kwa Kiingereza, polepole, neno moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akasema: huyu ni mwanangu, nakukabidhi, mtunze.

Sikujua kama anajua hata neno moja la Kiingereza.

Mzungu akaniuliza, huyu anasema ni mama yako? Nikacheka. Nakumbuka nilivyocheka, kicheko kidogo cha mtu mkubwa anayesamehe. Nikamwambia huku kwetu Afrika kila mama mtu mzima humwita kijana mwanangu, ndiyo desturi yetu. Ubaya wake ni kwamba hilo ni kweli. Akafurahi. Akasema ni jambo zuri sana, kwao limepotea.

"Amenijibu nini?" mama akauliza.

"Amesema asante."

"Hajasema amekupokea?"

"Amesema asante, mama."

Akasogea. Mimi nikakaa kwenye kigoda, na ng'ombe, ambaye alikuwa ameshaachia kwa ajili ya mama, akanipa maziwa. Povu likapanda kwenye ndoo. Mzungu akatazama mpaka mwisho, akasema ataniandikia kabla ya wiki kuisha.

Nilipoinua kichwa nilimwona mwalimu mlangoni mwa jiko, na rundo la madaftari ya kusahihisha mikononi. Alikuwa amesimama hapo muda wote. Akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi nilimkuta bombani. Nikamsalimia, akaacha maji yajae kwanza.

"Kaka, ile sentensi nimemfundisha mimi," akasema. "Wiki mbili. Akimaliza kupeleka maziwa anakuja mlangoni kwangu anagonga, anasema mwalimu, nisikilize. Ameiandika nyuma ya kadi yake ya kliniki. Kuna neno moja lilikuwa linamshinda, akawa analisema akiwa anakata majani, mimi namsikia kule migombani."

Niliweka ndoo yangu chini ya bomba.

"Sasa utamwambia wewe ulichosema, au nimwambie mimi? Mimi ni mpangaji tu, sitaki kuingilia. Lakini siwezi kumwangalia usoni."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, mwalimu."

Ijumaa barua ilikuja. Kazi nimepata, niandae nyaraka, wao wataanza kushughulikia kibali. Nilimsomea mama kwa Kiswahili. Akasema, "Ndaga," neno letu la asante, akaenda kukata majani. Hakuniuliza chochote kuhusu lile jina. Jumapili kanisani akaniita mbele, nikasimama katikati ya watu walionijua tangu nikitambaa, wakanyoosha mikono wakaniombea. Mzee mmoja alimshukuru Mungu kwa kijana aliyewahi kupotea na sasa anamheshimisha mama yake. Mimi nilikuwa nimefumba macho kama wengine, ila mimi niliyafumba ili nisimwone mwalimu aliyeketi safu ya tatu.

Kwenye kijiwe cha bodaboda nao hawakuniacha. "Mzungu wetu, ukifika huko utatukumbuka au utasema hututambui?" Nikasema nitawakumbuka. "Huyu? Huyu atasema sisi ni wafanyakazi wake," mwingine akadakia, wote wakacheka. Alisema kwa bahati tu, hakujua lolote. Niliisukuma baiskeli niliyokuwa nimeazima mpaka nyumbani, sikuipanda.

Jumanne mwalimu akaniambia kwamba akitoka shule siku inayofuata atakaa na mama azungumze naye. Nikamfuata mama migombani. Alikuwa akikata majani ya ng'ombe, nami nikachukua mundu wa pili nikaanza upande wangu, tukawa tumepeana migongo. Ilikuwa rahisi hivyo.

"Mama, yule mzungu nilimwambia wewe ni mfanyakazi wangu."

Mundu wake haukusimama. "Ndiyo lile jina?"

"Ndiyo."

"La nani?"

"Mama mmoja anauza chakula Kiwira."

"Anapika vizuri?"

"Kawaida."

"Nilidhani ni mwanamke wako umenificha." Akafunga tita, akaanza jingine. "Na nilipomwambia wewe ni mwanangu?"

"Nilimwambia kwetu kila mtu mzima humwita kijana mwanangu."

Akafikiri. "Hapo hukusema uongo," akasema. Kisha, "Na ng'ombe, ulisema wa nani?"

"Wangu."

Hapo alicheka kweli, mpaka akashika kiuno. "Hilo, ng'ombe mwenyewe angelikataa." Nikageuka kumtazama, nikifikiri yameisha. Hayakuwa yameisha. Alikuwa ameketi juu ya tita la majani na uso wake ulikuwa umechoka.

"Uliponiambia nikavue ile sare," akasema, "nilidhani unaona nguo zenyewe zimechakaa. Nikasema nikipata nafasi nitashona nyingine."

Kila neno nililolipata lilikuwa la kujitetea, nikalimeza.

"Kwa hiyo hajakupokea," akasema.

"Amenipa kazi, mama. Barua ipo, inasema nina uzoefu wa miaka mitatu."

"Amempa kazi mtu mwingine. Mimi sina mtoto aliyekaa na ng'ombe miaka mitatu. Gwe, wewe mwanangu, hujawahi kukaa na kitu miaka mitatu." Hakusema kwa hasira. "Mpigie. Nitakukabidhi upya, na safari hii utanitafsiria wewe."

"Atanikatalia."

"Labda. Lakini nikuache uende kwa mtu ambaye hakuambiwa ulivyo? Ukiugua huko, ukimkosea, atamtafuta nani? Huyo mpishi wa Kiwira?"

Nilimwambia mtandao unasumbua. Siku hiyo ikapita. Siku ya pili nikasema tena mtandao unasumbua, na mwalimu, aliyekuwa akimenya ndizi na mama nje ya jiko, akainua simu yake akaitazama. "Mtandao upo," akasema, akaendelea kumenya. Naweza kusema niliamua. Kusema kweli, hao wanawake wawili walikaa tu pale na ndizi zao mpaka nikakosa pa kupita.

Mzungu alipokea akiwa ndani ya gari. Nilianza kwa kumwambia kwamba kuna mtu anataka kuzungumza naye, na kwamba mtu huyo ni mama yangu, ni yule aliyemwona. Uso wake haukubadilika, ila alizima injini. Mama akasogea. Alikuwa na tope mpaka magotini na hakuwa na habari nalo. Akaanza, nami nikawa natafsiri, mwalimu ameketi upande wangu wa kushoto kama msimamizi wa mtihani.

Mama alisema: huyu ni mwanangu wa kumzaa. Nikatafsiri. Alisema: ng'ombe ni wangu, kazi uliyoiona ni yangu, yeye amejifunza wiki tatu na ng'ombe bado hajamkubali. Nikatafsiri. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili. Alisema: shule aliacha mwenyewe, hakufukuzwa. Ana akili ya kuuliza kila kitu. Anachoka upesi.

Hapo nikasema kwa Kiingereza kwamba ninapenda kujifunza mambo mapya.

"Hapana," mwalimu akasema kwa Kiswahili, bila kuniangalia. "Sema alivyosema."

Nikasema alivyosema. Mama akangoja, akaendelea. Alisema: si mwizi. Mpaka juzi ningekuambia pia si mwongo, lakini umeona mwenyewe. Akikudanganya nipigie. Nakukabidhi. Kama unamchukua, sema umempokea.

Nilitafsiri yote. Sentensi ya mwisho niliitafsiri mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haikutoka vizuri. Mzungu alikaa akiangalia mbele, kwenye kioo cha gari lake. Akaniuliza mimi, siyo mama, kama nilikuwa nimewahi kumfundisha mama yangu kukamua. Alijua jibu. Nikasema hapana. Akasema asante kwa kumwambia, akasema mama yangu ni mtu wa heshima, akasema ataandika.

Jumatatu akaandika. Mistari michache. Alisema kuna siku ambazo anaondoka shambani na kumwachia mtu wanyama wote, na mtu huyo lazima akisema ng'ombe ni mzima, awe mzima kweli. Alisema anasikitika. Alituma salamu kwa mama, na safari hii hakuandika lile jina, aliandika mama yako.

Nilimsomea yote, sikupunguza. Akasikiliza akiwa anasuuza madumu.

"Basi hajakupokea," akasema. "Bado uko kwangu." Akaniambia nibebe madumu mawili.

Jumapili iliyofuata alisimama mwenyewe kanisani na kusema safari ya mwanangu haipo tena, asanteni kwa maombi, akaketi. Hakusema kwa nini. Nilikuwa na nafasi ya kusimama na kueleza. Mzee wa kanisa hata aliniangalia, akangoja kidogo. Sikusimama. Na nje, watu waliponizunguka kunipa pole, nilisema ni viza. Nikasema wazungu siku hizi wamekaza. Wote wakaelewa mara moja, kila mmoja akawa na ndugu yake aliyenyimwa viza, wakanisimulia, wakanipiga begani. Kwenye kijiwe nako nikasema viza. Lile neno lilinitoka kwa wepesi uleule nilioujua.

Mama alilisikia kwa jirani. Jioni, tukiwa bandani, akaniuliza viza ni nini. Nikamweleza kwamba ni ruhusa ya nchi ya watu, wakikunyima huendi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na paji la uso likiwa limeegemea ubavu wa ng'ombe, kama anavyokaa siku zote, na alimaliza chuchu mbili kabla ya kusema.

"Usiwasingizie watu, hawajakunyima kitu. Kama unaona aibu kusema ya kwako, sema ni mama. Sema mama yako alikataa usiende."

Alikuwa ananipa njia. Angebeba yeye, watu wangemwona ni mama mng'ang'anizi aliyemzuia mwanawe asipate, naye asingejali. Kilichotakiwa kwangu ni kumtaja tu.

Jana nimeulizwa tena kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, na mtu aliyekuwa safarini akakosa habari zote. Mama alikuwa nyuma yangu kwenye foleni na dumu lake, anasikia. Nikasema ni viza.